Mzee Pamba na Chumba cha Kuongea Polepole

Leo ni Jumamosi, tarehe 30 Mei. Mzee Pamba anaacha kazi leo baada ya miaka ishirini na sita ya kufunga paneli za kumeza sauti, na mimi ninayeandika nina miaka minne na miezi miwili tangu nitoke nyumbani. Nimeanza na hesabu hizo mbili kwa sababu hapa kwenye bweni la wafanyakazi ndivyo tunavyofahamiana. Mtu anataja kazi yake, kisha anataja alitoka lini kwao. Mengine hufuata yenyewe.

Ofisi iliomba wasifu wake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi, na wenzangu wakanisukumia mimi. Nitaandika nilichokiona na nilichosimuliwa na mwenyewe. Maneno makubwa waachiwe watakaohutubia.

Jina alipewa na kazi. Ndani ya kila paneli tunayofunga kuna pamba ya mawe, nyuzi zinazowasha ngozi na kunasa kila mahali. Sisi wengine tukioga zinatoka. Yeye hazijamtoka tangu aanze. Hata akivaa shati safi la kutokea, ukimwangalia vizuri kwenye nyusi utaona uzi mmoja mweupe umebaki, kana kwamba umeajiriwa pamoja naye.

Alikuja kubeba saruji. Siku moja mafundi waliokuwa wanatengeneza studio ya redio wakahitaji mtu mwembamba wa kupenya juu ya dari, wakamwita yeye. Aliingia na tochi mdomoni, akajikuta amelala katikati ya pamba pande zote. Anasema hapo ndipo aliposikia kimya kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alisikia damu yake ikitembea masikioni. Alikusudia kukaa kidogo tu, usingizi ukamchukua, na huku chini wakamtafuta hadi jioni wakidhani ametoroka. Aliposhuka hakufukuzwa. Fundi mkuu wa wakati ule alimtazama akasema, "Huyu ameipenda kazi kabla hajaijua." Kesho yake akapewa msumeno.

Waliofanya naye kazi wanajua kofi lake. Akiingia kwenye chumba kipya hasemi na mtu. Anasimama katikati, anafumba macho, anapiga kofi moja, anasikiliza linavyorudi. Halafu anatoa habari za chumba kama anayemzungumzia mtu. "Hiki kina haraka." "Hiki kinasema sana, kitulizeni upande wa mlango." Mara moja, ndani ya ukumbi mtupu usio na hata kiti, alitikisa kichwa akasema, "Humu mna watu wengi." Nywele zilinisimama. Alikuwa na maana ya mwangwi tu, lakini siku nzima nilikuwa napita pembeni mwa ukuta kama ninayeogopa kumkanyaga mtu.

Na ukifanya naye kazi kutwa katika chumba kinachozidi kunyamaza, unaanza kuota ukiwa macho. Asubuhi unagonga nyundo na chumba kinajibu. Mchana kinajibu kwa uvivu. Ikifika jioni unagonga, na sauti inakuwa kama ya nyundo nyingine, labda ya jirani, labda ya mtu anayegonga bati kwenu, mbali, na wewe ni mtoto umelala. Wengi wetu tumerudi nyumbani mara nyingi kwa njia hiyo, tukiwa juu ya ngazi.

Mikono yake imepita kwenye studio, mahakama, vyumba vya kupimia masikio, ofisi ya watu mia wanaopokea simu kwa pamoja. Mkahawa mmoja aliutuliza kupita kiasi. Wateja wakaanza kunong'ona, wakaona haya kuita mhudumu, na mwenye mkahawa akaja mbio: "Fundi, nirudishie kelele kidogo, watu hawaagizi!" Alimwondolea paneli tatu nyuma ya kaunta, kelele zikarudi kwa kipimo, wakaagana vizuri.

Lakini katika kazi zote hizo hapakukosekana swali moja. Mwenye nyumba anazunguka, anapapasa kitambaa cha paneli, halafu anauliza kwa sauti ya chini, kama anayemuuliza daktari, "Fundi, hivi vitu havitaniziba mtandao?" Mtu ameona paneli imemeza kelele za barabara, anahofia itameza na simu zake.

Mzee Pamba hakuwahi kuchoka kujibu. "Pamba inameza sauti. Mtandao si sauti, ni kitu kingine, unapita humu kama mwanga kwenye pazia jepesi. Unachokiogopa ni chuma." Kisha hangojei kuaminiwa. Alikuwa anaweka simu yake nyuma ya paneli kabla hajaibana na skrubu ya mwisho, anamwambia mwenye nyumba, "Nipigie." Simu inalia ndani ya ukuta. Mwenye nyumba anacheka. Hapo ndipo anapokaza skrubu. Miaka yote hiyo hajakabidhi chumba bila ukuta wake kulia.

Nalitaja jambo hilo kwa sababu ndilo lililotuletea wasifu huu. Nusura usiandikwe.

Misumeno na drili zina malipo yake. Masikio ya Mzee Pamba yamekuwa mazito, na bweni letu halisaidii. Kuna jenereta, kuna runinga mbili zisizokubaliana, kuna watu wanaobishana mpira. Akipigiwa simu na mkewe alikuwa anasimama kando ya tangi la maji, simu kwenye spika, na kila sentensi alikuwa anaijibu "Eh?" kabla hajaijibu kweli. Kwa hiyo habari za nyumbani kwake zilikuwa za wote. Bweni zima lilijua paa la jikoni linavuja kabla fundi wa huko hajaitwa.

Mwaka huu, miezi miwili kabla ya tarehe ya kustaafu, msimamizi alimwomba aongeze miaka miwili afundishe wapya. Mzee alisema atajibu akishaongea na mwenye nyumba, yaani mkewe. Jioni hiyo kando ya tangi akamweleza. Halafu sote tukamsikia yule mama:

"Baba, sikiliza. Nimechoka kupiga kelele kama naita mbuzi. Watoto wamezaliwa nikakwambia kwa kelele. Mama yako amefariki nikakwambia kwa kelele. Sasa kuna jambo moja nataka nikwambie polepole. Jumamosi ijayo saa kumi nitakupigia. Tafuta mahali penye utulivu. Wewe usipige, wewe ukipiga una haraka. Nitapiga mimi."

"Eh?" akasema Mzee Pamba.

Watu walicheka, na fundi wetu wa umeme, tunayemwita Volti, akamwekea mdomo sikioni: "Shemeji anasema utafute mahali penye utulivu!" Mzee hakucheka. Alibaki ameshika simu iliyokwisha kukatika, akiitazama kama anayesubiri iseme tena.

Nyuma ya bweni kuna stoo ya zamani ya rangi, kuta za matofali, mlango wa mbao, haina dirisha. Aliiomba, akapewa. Dada Stoo, anayetunza vifaa vyetu, akamwambia, "Chukua yale masalio ya chumba cha jenereta, yamenijazia rafu." Zilikuwa paneli nzuri kuliko tulizozoea, nene, zimefunikwa kitambaa cha kijivu kama manyoya ya njiwa. Wiki nzima, akitoka kazini, alikuwa humo akikata na kubana. Akafunika kuta, akafunika dari, akafunika mgongo wa mlango hadi kwenye vizingiti. Akaweka kiti kimoja. Alipomaliza alitualika tuingie, akafunga mlango, akapiga kofi. Kofi halikurudi. Lilizama kama jiwe kwenye unga. Tulisimama tukitazamana, kila mmoja akisikia pumzi zake, na nadhani kila mmoja alikuwa tayari yuko kwao.

"Mtakitumia wote," alisema. "Lakini Jumamosi saa kumi ni changu."

Jumamosi hiyo alipiga pasi shati. Alivua viatu akaviacha nje ya mlango kama mtu anayeingia kwa wakwe, akakaa ndani na simu mapajani. Sisi tulipita uani kwa ncha za vidole. Alitoka jua linazama. Alivaa kiatu kimoja, akasahau kingine, akarudi kukichukua.

"Hakupiga," alisema.

Wiki ile nzima hakupiga kofi kwenye chumba chochote. Siku ya Jumatatu alikwenda kwa msimamizi akakubali kuongeza miaka miwili. Nilipomuuliza, alijibu huku akipima ubao, "Wamezoea bila mimi. Alitaka kuniambia hilo, akanionea huruma." Nilimshikia upande wa pili wa ubao. Kila mtu hapa analiogopa jambo hilo hilo, na mtu hawezi kumtoa mwenzake kwenye shimo ambalo na yeye yumo.

Jumamosi iliyofuata Volti ndiye aliyeingia chumbani kumpigia mwanawe. Muda si mrefu mlango ukafunguka kwa nguvu.

"Mzee Pamba! Vitu vyako vinakula mpaka mtandao!"

Mzee alikuwa anafua. Aliinua kichwa taratibu. "Rudia."

"Vinakula mtandao! Nikifunga mlango, simu inakufa. Nikifungua, inafufuka."

"Pamba haili mtandao, bwana."

"Basi imeanza leo!"

Dereva wetu akaingilia kutoka kwenye ngazi alipokuwa amekaa. "Mimi niliwahi kusema. Kitu kinachomeza sauti kitaachaje kumeza simu? Simu si sauti inayosafiri?"

"Wewe endesha gari," Mzee alimjibu, povu la sabuni bado mikononi. "Nimefunga vyumba vya watu miaka ishirini na sita. Mnataka kuniambia nimewafungia watu wote hao ndani ya makaburi?"

Hapo tukaelewa kwamba kwake hilo halikuwa la mzaha. Alikwenda stoo ya vifaa akarudi na paneli ya kawaida ya pamba, akaisimamisha ukutani uani, akaweka simu nyuma yake. "Nipigie." Volti akapiga. Simu ikalia vizuri. Watu wakapiga makofi.

Volti hakupiga makofi. "Hiyo ni ya wateja. Ya chumbani mwako uliipima?"

Mzee Pamba aligeuka akautazama mlango wa chumba. Chumba kile kilikuwa chake mwenyewe, hapakuwa na mwenye nyumba wa kumuuliza lile swali. Alikuwa amekaza skrubu zote bila ukuta kulia.

Aliingia, akaacha simu kwenye kiti, akatoka, akafunga mlango. Volti akapiga, simu yake mwenyewe akiwa ameiweka kwenye spika. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Mlango ukafunguliwa, tukangoja kidogo, akapiga tena. Ikalia. Mlango ukafungwa. Haipatikani.

Mzee alichukua bisibisi akatoa paneli moja, akaigeuza. Mgongo wote ulikuwa umebandikwa karatasi ya alumini, ile inayong'aa, tunayowekewa kwenye vyumba vya mashine kwa ajili ya joto. Yeye aliifunga ikiwa imetazama ukuta, kitambaa kikatazama ndani, na ndani kukawa kuzuri. Alikuwa amejizungushia chuma chembamba pande zote, juu, hadi mlangoni. Sote tulijiona kwenye ile karatasi, nyuso zimefifia na kupinda, kama watu waliomo ndani ya maji.

"Alipiga," Mzee Pamba alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini sote tuliisikia. "Alipiga, akaambiwa sipatikani."

Wapo watakaouliza kwa nini hakumpigia mkewe palepale uani. Volti alimuuliza. Akajibu, "Nipige hapa, anieleze, mimi niseme 'Eh'? Ameomba utulivu. Nisaidieni."

Basi tukaingia kazini, siku ya mapumziko, bila kuamriwa na mtu. Nimefanya kazi nyingi za haraka hapa lakini hiyo ilikuwa ya peke yake. Wawili walikuwa ndani wakifungua skrubu. Sisi wengine tulikaa chini uani, paneli magotini, tukibandua karatasi kwa visu na kucha. Dada Stoo aliacha chai yake akaja na kisu, akisema, "Mimi ndiye niliyekupa, na mimi sikuzigeuza." Dereva naye alibandua, akinung'unika kwamba alisema, na Volti akimjibu kwamba alichosema yeye kilikuwa kingine. Karatasi zilitoka vipande virefu, upepo ukavichukua, vikawa vinatambaa uani na kupanda kwenye kamba za nguo, jua limevikamata, uwanja wote unameremeta. Kwa muda bweni letu halikufanana na bweni. Mtu angepita angedhani tuna harusi.

Paneli zikarudi ukutani, pamba na kitambaa tu. Mzee aliweka simu kwenye kiti, akatoka, akafunga mlango. "Nipigie," akamwambia Volti, na sijamwona mtu anaogopa neno lake mwenyewe kama siku hiyo.

Simu ililia. Tuliisikia, masikio tumeyabana mlangoni, kwa mbali sana, kama mdudu ndani ya blanketi.

Alinawa mikono. Akavua viatu. Akaingia kumpigia mkewe, akafunga mlango, na sisi uani tukanyamaza wote. Hapakuwa na haja yoyote, maana kuta zile zilikuwa zimeshamaliza kazi hiyo, lakini mtu alizima runinga, mwingine akazima jenereta, na wabishani wa mpira wakakaa na ubishi wao mdomoni. Viatu vya Mzee vilikuwa pale mlangoni, vimeelekezana.

Alitoka baada ya muda ambao hakuna aliyeupima. Macho yalikuwa mekundu. "Pamba imeniingia machoni," alisema, na hakuna aliyemkumbusha kwamba pamba yote ilikuwa nyuma ya kitambaa.

Kilichotokea wiki ile alitueleza. Yule mama alipiga tena na tena, akaambiwa hapatikani, akaamini mumewe amezima simu kwa makusudi ili asisikie. Alikaa na hilo kwa siku zote hizo, na Mzee akakaa na lake, kila mmoja upande wake wa karatasi nyembamba kuliko kitambaa cha leso.

"Na lile jambo?" Volti aliuliza. "Shemeji alitaka kusema nini?"

"Kwani hamkusikia?"

"Hatukusikia hata chembe."

Mzee Pamba alitabasamu, tabasamu lile ambalo wateja wake wanalijua, la skrubu ya mwisho. "Basi kazi imekaa sawa," alisema. Akavaa viatu, vyote viwili, akaenda kumtafuta msimamizi amwambie kwamba haongezi hata wiki.

Msimamizi alikuna kichwa, kisha akamwachia. Tunamshukuru kwa hilo, tena kwa maandishi, maana hatumshukuru mara nyingi.

Kwa wapya wanaobaki: hakuna haja ya kumhofisha mteja. Pamba, sponji na kitambaa haviuzuii mtandao, kinachouzuia ni chuma. Geuzeni paneli mtazame mgongo wake. Kisha simu nyuma, mlango ufungwe, mtu apige. Fanyeni hivyo hata kama chumba ni chenu. Hasa kama ni chenu.

Kampuni imempa zawadi ya saa ya ukutani. Ni nzuri, ila ilikuwa inagonga kama fundi seremala. Jana alifungua mgongo wake, akaweka kipande cha pamba, akairudisha. Sasa inatembea bila kusema na mtu.

Mzee wetu, umetuachia vyumba vingi vya watu wengine na kimoja chetu. Asante kwa mkono wako, kwa maneno machache, na kwa kutufundisha kusimama katikati ya chumba kabla ya kukilaumu. Nenda ukakae karibu na anayekuita. Uitwe mara moja tu, kwa sauti ndogo, na usiseme "Eh?"

Sisi tuliobaki tunapokezana kile chumba kila Jumamosi. Mkataba wangu unaisha Desemba, na natarajia kuwa nyumbani kabla mwezi huo haujafika katikati. Mama yangu hajui bado. Nitamwambia leo, saa kumi, mlango ukiwa umefungwa.